Kijiji kikimezwa na mji, uwanja wa watoto unabaki wapi?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 765,179. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu 354,000. Wote hao wanahitaji pa kulala, maji ya kunywa, njia ya kupita na mahali pa kutupa taka. Wengi wanapata nafasi pembezoni mwa jiji, kwenye ardhi ambayo si zamani ilikuwa mashamba ya mtama na uwele.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea kijiji kinapogeuka kuwa mtaa wa mjini, na kwa nini barabara za ndani, mifereji na maeneo ya wazi huwa vya kwanza kupotea. Tutaanzia hapa Nzuguni, tutapita China ambako vijiji vingi vilimezwa na miji kwa kasi kubwa, kisha tutaona Hananasif jijini Dar es Salaam. Wewe unayetusikiliza ukiwa Chamwino, Bahi au Kongwa, usidhani hili ni la watu wa mjini tu. Mji unatembea.

Nzuguni ya leo

Nzuguni ipo mashariki mwa jiji, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Wakulima na wafugaji wa Kanda ya Kati waliifahamu zaidi kwa viwanja vya maonesho ya Nanenane. Siku hizi abiria wa mikoani wanaifahamu kwa kituo kikuu cha mabasi, na wafanyabiashara wanaifahamu kwa Soko la Job Ndugai. Ukiendelea na barabara hiyohiyo unafika Ihumwa, kwenye bandari kavu, halafu Mtumba ulipojengwa Mji wa Serikali.

Miradi yote hiyo ni mikubwa na imeonekana. Lakini kituo cha mabasi kikifunguliwa, anayefuata ni mwenye duka, mama lishe, bodaboda, fundi na mtumishi anayetafuta chumba. Shamba linakatwa vipande na vipande vinauzwa. Nyumba zinaota kabla barabara ya ndani haijachorwa, na hapo ndipo shida inapoanza.

Jambo hili halikuanza jana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe wa kwanza wa mji, uliochorwa na wataalamu kutoka Canada, ukiwa na maeneo ya kijani na njia za waenda kwa miguu. Karatasi ilikuwa nzuri. Ila watu waliendelea kuzaliwa na kuhamia wakati viwanja vilivyopimwa havitoshi, na malalamiko ya ardhi na fidia yakawa mengi. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA na kazi zake zikaenda halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Kijiji na mtaa havina nguvu sawa

Wengi huona kugeuka kutoka kijiji kuwa mtaa ni kubadilisha jina na muhuri. Sivyo. Kinachobadilika ni nani ana sauti juu ya ardhi.

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una kauli katika maamuzi hayo. Sheria hiyo inatambua ardhi ya jumuiya, yaani ile ambayo si ya mtu mmoja: malisho, njia za mifugo, makaburi, viwanja, vyanzo vya maji. Inataka pia kijiji kiwe na rejista ya ardhi hiyo.

Kijiji kikishaingia mjini na kuwa mtaa, mamlaka hayo hayabaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi. Mipango inakuwa chini ya halmashauri ya jiji na sheria za mipango miji. Anayemiliki shamba lake kimila hapotezi haki kwa sababu tu mpaka wa mji umesogea. Akitwaliwa, anastahili fidia. Lakini ule uwanja ambao kila mtu aliuita "wetu" na hakuna aliyeuandika popote, nani atausemea?

Hapa kwetu kuna historia inayosaidia. Vijiji vingi vya mkoa huu vilipangwa upya wakati wa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu waliwekwa kwa mistari, na nafasi ikatengwa kwa shule, zahanati, ofisi na uwanja. Yapo mengi ya kulaumu kuhusu namna watu walivyohamishwa. Hata hivyo, katika sehemu nyingi zilizomezwa na mji, eneo la shule na ofisi ya zamani ya kijiji ndilo eneo la wazi pekee lililobaki. Lipo kwa sababu lilitengwa kabla.

China walipitia hapa

Mwaka 1980 Shenzhen, kusini mwa China, ilifanywa kuwa eneo maalumu la uchumi. Wakati huo ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na vijiji vya wakulima na wavuvi. Sensa yao ya mwaka 2020 ilikuta watu zaidi ya milioni 17.

Kwa utaratibu wa China, ardhi ya mjini ni ya dola, na ardhi ya kijijini ni ya wanakijiji kwa pamoja. Miji ilipopanuka, serikali ilichukua mashamba na kuacha pale penye nyumba, kwa sababu kuhamisha nyumba ni ghali kuliko kuhamisha mahindi. Mwanakijiji akabaki na kiwanja cha nyumba bila shamba. Afanye nini? Akajenga juu: ghorofa mbili, kisha tano, kisha nane, akapangisha vyumba kwa vibarua wa viwandani kutoka mikoa mingine. Vibarua hao, kwa sababu ya usajili wao wa kijijini, hawakuwa na haki sawa na wenyeji wa mjini katika nyumba na huduma za umma. Chumba cha bei nafuu kilikuwa palepale kijijini.

Maeneo hayo Wachina wanayaita kwa neno lenye maana ya "kijiji ndani ya mji". Nyumba zilisogeleana mpaka zikapewa jina la majengo ya kupeana mikono: wewe dirishani kwako na jirani dirishani kwake mnaweza kusalimiana kwa mkono. Chini kwenye kichochoro jua haliingii. Nyaya zinaning'inia. Mifereji iliyochimbwa kwa kaya chache inabeba maji machafu ya maelfu. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto halipiti.

Njia walizotumia kurekebisha ni mbili. Ya kwanza ni kubomoa. Kijiji cha Liede, jijini Guangzhou, kilibomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa marefu kabla ya Michezo ya Asia ya mwaka 2010. Wenye nyumba walipata makazi mapya. Huko Baishizhou, Shenzhen, ubomoaji ulipofika mwaka 2019, maelfu kwa maelfu ya wapangaji waliambiwa wahame. Mwenye nyumba ana fidia, mpangaji ana mzigo wake kichwani.

Njia ya pili ni kutengeneza pasipo kufukuza. Nantou, ndani ya Shenzhen, ilitumika mwaka 2017 kwa maonesho ya usanifu wa miji, na viwanja vidogo na majengo ya zamani vikafanyiwa ukarabati. Katika kijiji cha Shuiwei majengo 29 yalikarabatiwa yakawa vyumba vya kupangisha. Kwingine wamefukia nyaya chini, wametenganisha maji ya mvua na maji taka, wamepanua vichochoro na kuweka mabenchi. Mwaka 2023 serikali kuu ya China ilitoa mwongozo wa kuboresha maeneo haya katika miji mikubwa zaidi.

Kuna tofauti kubwa kati yao na sisi. China ilikuwa na fedha nyingi za kurudi nyuma na kurekebisha. Sisi hatuna fedha hizo, ila tuna kitu ambacho Shenzhen ilikwisha kukipoteza: nafasi. Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dodoma bado ni za chini, na kati ya nyumba na nyumba bado kuna udongo. Kuacha njia leo ni kazi ya kamba na vigingi. Kesho itakuwa kazi ya tingatinga na kesi mahakamani.

Hananasif ilivyofanya

Mfano wa karibu upo Kinondoni, Dar es Salaam. Hananasif ilikuwa makazi yasiyopangwa, yenye mafuriko kila mvua kubwa. Katika miaka ya 1990 wakazi, halmashauri na mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Kazi Duniani, walijenga mifereji na barabara za ndani. Vibarua wengi walitoka palepale mtaani na walilipwa. Wakazi walikuwa na kamati yao iliyosimamia. Baadaye Dar es Salaam ikawa na programu kubwa zaidi za kuboresha makazi ya aina hiyo.

Somo la Hananasif halikuwa teknolojia mpya. Mfereji wa mawe tunaujua wote. Somo ni kwamba watu waliotakiwa kuutunza mfereji ndio walioshiriki kuamua upite wapi.

Kwa Dodoma mfereji si jambo dogo, ingawa mkoa wetu ni mkavu. Mvua yetu ni chache lakini inanyesha kwa pupa ndani ya miezi michache, kati ya Desemba na Aprili. Korongo linalokaa na mchanga mtupu miezi minane hugeuka mto kwa saa mbili. Mgeni aliyenunua kiwanja mwezi Agosti hajui hilo. Mzee wa kijiji anajua maji yanapopita, lakini mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Hesabu ya ekari moja

Tunaelewa kwa nini mwenye shamba hataki kuacha njia. Anaona anatupa fedha. Tupige hesabu pamoja.

Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukiikata yote viwanja vya mita 20 kwa 20, unapata viwanja kumi. Ukitoa robo ya ekari kwa njia na mfereji, unabaki na saba na kipande. Umepoteza viwili au vitatu. Lakini vile kumi vya mwanzo, baadhi havina pa kutokea. Gari la kunyonya maji taka halifiki, nguzo ya umeme haina pa kusimama, na bomba la DUWASA litapita kwenye uwanja wa mtu. Mnunuzi mwenye akili atashusha bei, au hatanunua. Vile saba vyote vinafikika, na vinaweza kupimwa na kupata hati bila kubomoa ukuta wa yeyote.

Hesabu hii ina kasoro moja: inamuumiza mwenye shamba dogo kuliko mwenye shamba kubwa. Njia ikipita kwa mjane mwenye nusu ekari, huenda akabaki na kipande kisichotosha nyumba. Ndiyo maana mchoro unatakiwa kujadiliwa na majirani wote kwa pamoja, wagawane hasara na faida, badala ya kila mmoja kupimiwa peke yake.

Wapangaji nao wana sehemu katika mazungumzo haya. Barabara ikija na taa zikiwaka, kodi ya chumba hupanda. Mama anayechoma mihogo kandokando ya njia anaweza kuwa wa kwanza kuondolewa pale "panapopendezeshwa". Eneo la wazi lisiloacha nafasi ya kibanda chake limemsahau mtumiaji wake mkubwa.

Kabla mji haujafika kwenu

Kama kijiji chako bado ni kijiji, mkutano mkuu bado una nguvu. Kwa mujibu wa sheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Haya ndiyo tunayoshauri yaulizwe pale:

Je, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi? Rejista ya ardhi ya jumuiya ipo, na nani ameiona? Uwanja wa mpira, makaburi, lambo na njia ya ng'ombe vimeandikwa humo vikiwa na mipaka, au vinajulikana kwa mdomo tu? Korongo limeachiwa nafasi kila upande?

Kama tayari mpo mtaani, ombeni kuuona mchoro wa mipango miji kabla bikoni hazijawekwa. Tazameni maeneo yaliyoandikwa ya umma: shule, soko, uwanja, makaburi. Nendeni na wazee, wanawake na vijana mkayakanyage kwa miguu, muone kama kweli yapo wazi au yameshauzwa. Palipo na kasoro, andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kama kijijini au mtaani kwenu mchoro unajadiliwa mwezi huu, tujulisheni mapema. Tutakuja na kinasa sauti, na mazungumzo ya mkutano tutayarusha hewani ili vijiji vya jirani navyo visikie.