NASAHA ZA MWEZI: Chamchela ya Ugenini Haibishi Hodi



Ndugu zetu wasomaji, kwetu pwani chamchela ni mchezo wa watoto. Wakati wa kiangazi upepo huzunguka uwanjani, ukaokota vumbi na majani makavu, watoto wakaukimbiza, na bibi akawakataza wasiuingie. Huku Kentucky magharibi, tulikoletwa na riziki, chamchela ni jambo jingine. Wenyeji huiita tonado, nayo huokota mapaa, magari na roho za watu. Mwezi huu tumeona ni wajibu kuizungumzia, kwa kuwa wengi wetu tumekulia mahali ambapo jambo hili halipo, na mtu hujilinda na alijualo.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, tonado moja iliyoanzia Tennessee iliingia Kentucky ikapita kaunti za Fulton, Hickman, Graves, Marshall, Hopkins, Muhlenberg na nyinginezo, mwendo wa maili 165 na ushei bila ya kukatika. Ilifika mji wa Mayfield karibu na saa tatu na nusu usiku, ikiwa na upepo unaokaribia maili 190 kwa saa. Watu 57 walifariki katika njia yake, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi 9 wa zamu ya usiku katika kiwanda cha mishumaa. Saa chache baadaye, kiasi cha saa saba za usiku, tonado nyingine ilipiga Bowling Green, ikaua zaidi ya watu 15, watoto wadogo wakiwamo. Nayo Mei 2025, usiku vilevile, kaunti za Pulaski na Laurel zilipatwa na msiba wa aina hiyo hiyo. Tunawaomba wasomaji wayazingatie mambo mawili katika habari hizi. La kwanza ni kwamba majira ya chemchemi ndiyo msimu mkubwa wa tonado, lakini Desemba nayo haikusalimika. La pili ni kwamba nyingi ya zile zinazoua huja watu wakiwa vitandani.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Idara ya hali ya hewa hutumia maneno mawili ambayo kila mtu mzima nyumbani, hata asiyejua Kiingereza, lazima ayatofautishe kwa sikio. Likisemwa neno "watch", maana yake ni kwamba hali ya anga inaruhusu tonado kutokea. Basi tujiweke tayari, simu zijazwe chaji, na asilale mtu bila ya redio kuwa wazi. Likisemwa neno "warning", maana yake ni kwamba tonado imeonekana kwa macho au kwa rada. Hapo hapana tena mashauriano wala kutoka nje kutazama wingu. Ni kwenda mafichoni dakika ile ile. Mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya Marekani iliamua kwamba tahadhari za simu ziandaliwe katika lugha 13 zinazosemwa zaidi nchini baada ya Kiingereza. Kiarabu kimo na Kifaransa kimo, lakini Kiswahili hakimo. Tusingoje basi kutafsiriwa, bali tujifunze maneno hayo mawili.

Pia tujue majina ya kaunti. Tahadhari hutaja kaunti, na pepo hizi mara nyingi husafiri kutoka kusini-magharibi kuelekea kaskazini-mashariki. Usiku ule wa 2021, aliyekuwa Mayfield akisikia Fulton na Hickman zikitajwa alikuwa na karibu nusu saa mkononi. Asiyejua kwamba Hickman ni jirani yake wa magharibi, jina lile lilimpita sikioni kama jina la mji wa mbali. Kila familia na ibandike jikoni karatasi yenye jina la kaunti yake na majina ya zile zilizo upande wa magharibi na kusini.

King'ora cha mjini kisitegemewe peke yake. Kimewekwa kwa ajili ya walio nje, na aliyelala ndani huku madirisha yamefungwa huenda asikisikie. Huku mashambani nyumba nyingi hazina king'ora kilicho karibu. Kifaa kinachofaa ni redio ndogo ya hali ya hewa inayotumia umeme na betri, ambayo huamka yenyewe na kupiga kelele kaunti yako itajwapo. Huwekewa namba ya kaunti yenye tarakimu sita. Anayeiuza au kijana wa nyumbani ataweza kuitia.

Na hapa tuna neno kwa wazee wenzetu. Watoto wetu hufundishwa mambo haya shuleni na hufanyishwa mazoezi. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kuufahamu ujumbe wa simu. Mtoto akija mbio barazani akasema "warning", asiambiwe anyamaze kwa kuwa wakubwa wanazungumza. Adabu ni nguzo ya malezi yetu, lakini usiku ule mtoto ndiye mkalimani wa nyumba, na mkalimani husikilizwa. Tuwaambie mapema kwamba katika jambo hili wana ruhusa ya kuwaamsha baba na babu, hata kwa sauti ya juu.

Mafichoni ni wapi? Ni chumba cha chini ya ardhi, kama kipo. Kama hakipo, ni chumba cha ndani kabisa katika ghorofa ya chini kisicho na dirisha, kama vile choo, stoo au ujia. Watu wajiiname, wafunike vichwa kwa mikono, mito au magodoro. Mwenye kofia ya baiskeli aivae. Wanaoishi katika nyumba za trela wasibaki humo hata kama zimefungwa kwa minyororo. Wao wakisikia "watch" tu, na wahamie kwa jirani au jamaa mwenye nyumba imara, na mapatano hayo yafanywe leo, si usiku wa tufani. Gari si kimbilio, na chini ya daraja la barabara ni pabaya zaidi kwa kuwa upepo hupita pale kwa nguvu. Kwa wafanyao kazi za zamu viwandani, siku ya kwanza kazini iulizwe mahali pa kujificha, na njia yake ijulikane.

Akina mama wana jambo lao, nalo hatulionei haya. Usiku, mwanamke aweza kupoteza dakika mbili akitafuta mtandio. Basi mtandio, viatu na tochi viwe kando ya kitanda. Viatu ni muhimu kwa wote, kwa sababu baada ya upepo sakafu hujaa vigae na misumari. Na ikiwa tahadhari imekuja tukiwa katika sala, wanazuoni wameafikiana kwamba sala hukatwa kwa ajili ya kuokoa roho.

Baada ya upepo huja siku za dhiki. Umeme ukikatika mashambani, aliye na kisima cha pampu hana maji. Ziwekwe galoni moja kwa kila mtu kwa kila siku, kwa siku tatu angalau. Familia ya watu sita ni galoni 18. Maji hayo ni ya kunywa na kupikia; kwa sala, Mola ametupa tayamamu. Chakula kiwe kisichohitaji moto: tende, samaki wa kopo, maharage ya kopo, na kifungulio chake kisisahauliwe. Katika vituo vya hifadhi hugawiwa chakula kwa ukarimu, lakini si chote kilicho halali kwetu. Dawa za sukari na za shinikizo la damu ziwe za akiba. Jenereta isiwashwe ndani wala barazani, bali mbali na nyumba, futi 20 au zaidi. Jiko la makaa nalo lisiingizwe ndani. Moshi wake usioonekana wala kunuka huua familia nzima usingizini.

Hati za uhamiaji, pasi, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, na mkataba wa nyumba vitiwe katika mfuko usiopenya maji, na nakala zake zipelekwe kwa jamaa aliye jimbo jingine. Jamaa huyo ndiye awe pia wa kupokea habari za wote, kwa kuwa simu za hapa hulemewa, na ujumbe mfupi hupita pale ambapo mazungumzo hayapiti. Msaada wowote utakaokuja utauliza wewe ni nani na ulikuwa ukiishi wapi. Ama suala la bima, lina maneno baina ya wanazuoni, nasi si watoa fatwa. Kila mtu amwulize imamu wake. Tunachosema ni kwamba anayekata bima asome mkataba: bima ya kawaida ya nyumba haifidii mafuriko, na ile ya mafuriko kwa kawaida husubiriwa siku 30 ndipo ianze.

Wapo watakaosema, lililoandikwa litakuwa. Ni kweli, nasi tunaamini hivyo. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Naye Nabii Yusuf (a.s.) aliagiza nafaka ziwekwe katika mashuke yake kabla ya miaka ya njaa. Tawakali haikuwazuia kutenda.

Tunawaomba basi kila nyumba, Ijumaa moja ya mwezi huu baada ya Isha, izime taa, mtoto mmoja apige ukelele wa "warning", na saa itazamwe mpaka mtu wa mwisho aingie mafichoni. Ikizidi dakika mbili, rudieni. Watoto watacheka, na wacheke. Bibi asiyeweza kushuka ngazi ajulikane ni nani atakayemshika mkono, kwa jina.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi, majirani zetu na nchi hii iliyotupokea. Wabillahi tawfiq.