Ukimya wa Mungu si Nafasi ya Kazi



Kuna sentensi moja inayotumika sana miongoni mwetu Wakristo wa Dallas, Fort Worth na Houston, nami leo naipinga: "Mungu ameniambia." Mtu anaacha chuo muhula mmoja kabla ya kumaliza, Mungu amemwambia. Mwingine anafunga virago Dallas, anashuka na barabara ya I-45 maili 240 hadi Houston, bila kazi wala pa kulala, Mungu amemwambia. Ukiuliza amemwambiaje, unaonekana huna imani. Na asiyesikia lolote hupiga simu nyumbani kwa nabii amsikilizie, na jibu huja limefuatana na namba ya kutumia sadaka.

Sipingi kwamba Mungu huongoza. Napinga haraka yetu ya kumsemea anaponyamaza. Ukimya wake si nafasi ya kazi iliyotangazwa, hata kila mwenye sauti kubwa aombe kuijaza.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia, wakazuiwa kuingia Bithinia, wakateremka Troa bila kujua waendako. Hapo ndipo Paulo alipoona maono ya mtu wa Makedonia. Maono aliyaona peke yake, lakini kuyatambua na kuamua safari kulikuwa kwa kundi zima. Kama mtume alikubali kupimwa na wenzake, sisi wabeba maboksi ni nani tusiulizwe?

Wazee wetu walilijua hili. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha ndugu kutembea nuruni. Mtu alileta mbele ya ushirika habari za ndoa yake, deni lake, hata mpango wa kununua ng'ombe, na wenzake wakamhoji bila kumwonea haya. Wakatoliki nao wana hazina yao: Ignatius wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalikubaliwa na Papa mwaka 1548, alionya kwamba mtu asibadili uamuzi aliokwisha kuufanya wakati moyo wake umo gizani na katika ukiwa. Nyumba ya mafungo ya Wajesuiti ipo pale Lake Dallas, mwendo mfupi tu kwa gari. Tunapiga simu ng'ambo ya bahari kutafuta nini?

Wapo watakaosema: mhandisi huyu anataka kuleta rula kanisani. Sawa, nailetea. Udongo wa Dallas na Houston ni mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, na msingi usiozingatia hilo hupasuka, hata kama mwenye nyumba ni mwombaji hodari. Kupima udongo si kukosa imani. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipomwaga mvua Houston, maelfu ya nyumba zilizojengwa ndani ya eneo la mabwawa ya Addicks na Barker ziliingiwa na maji. Mabwawa hayo yalikuwapo tangu miaka ya 1940. Anayesema "Bwana amenipa nyumba hii" kabla ya kutazama ramani ya mafuriko ameruka sehemu ya jibu aliloomba. Akili na ramani navyo ni vya Mungu.

Na gharama hailipwi na nabii. Mwanafunzi mwenye viza anayeacha masomo hapotezi ada tu, hupoteza na haki ya kukaa nchini, na Idara ya Uhamiaji haina fomu ya maono. Anayeumia ni mama kule kijijini aliyeuza shamba ili mtoto asafiri.

Basi, ndugu unayengoja na husikii kitu, endelea na wajibu uliokwisha kupewa: zamu yako, masomo yako, watoto wako, sala yako. Usivunje leo ulichokiamua ukiwa na nuru. Peleka jambo lako kwa watu wawili watatu wanaokupenda na wasiofaidika na jibu lolote. Jipe muda, neno la Mungu halichachi kwa kungoja mwezi mmoja. Na ukilazimika kuamua bila uhakika, amua, kisha useme ukweli: "Mimi nimeamua, naomba Mungu anisaidie." Sentensi hiyo ina imani zaidi kuliko ile ya kwanza, maana likiharibika hutamtwisha Mungu lawama.

Haraka haraka haina baraka. Tulifundishwa hilo kabla hatujapanda ndege.