Mshale Umetulia, Giaboksi Yaungua

Mwaka jana nilivuta trela lililosheheni vitabu kwa gari la dizeli la gia zinazojibadilisha, nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Mshale wa joto ulitulia katikati ya dashibodi, nami nikatulia. Kumbe ulikuwa ukipima maji ya injini tu! Oili ya giaboksi iliungua kimya kimya pasi na kipimo cha kuisemea. Kabla ya Limuru, giaboksi ikagoma.

Lugha yetu nayo haikosi lawama. Husema "gari limechemsha", kauli ya jambo lililokwisha kutendeka, tena linalohusu maji peke yake. Ilhali oili ya giaboksi ya aina hiyo hufanya kazi vyema ikikaribia nyuzijoto 90. Ipitapo 120, huharibika upesi, hata kama maji hayajachemka.

Kwa hiyo, avutaye mzigo na afunge kipimo cha pili, apunguze mwendo na kuteremsha gia mapema mlimani. Asingoje moshi.

Walimu wenzangu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza: kipimo hiki chapima nini, na kipi hakikigusi? Alama za mtihani nazo ni mshale wa namna hiyo.