BUNDUKI ISIWE SARAFU



Kubadilishana mali kwa mali si jambo geni kwetu. Tangu kale akina mama wa miteremko ya Mlima Meru walishuka na ndizi na mahindi, wakakutana na wafugaji wa tambarare, wakarudi na maziwa, ngozi na mbuzi. Mabadilishano hayo yalijenga ujirani. Lakini yako mabadilishano mengine ambayo yatupasa kuyatazama kwa makini: mtu anatoa bunduki, anapokea pikipiki, gari, ng'ombe au mabati.

Jambo hili lina sura mbili. Sura ya kwanza ni biashara ya siri kati ya mtu na mtu. Sura ya pili ni mpango wa wazi, wa serikali au wa makanisa, unaomwita mwenye silaha aisalimishe, naye apewe chombo cha kazi. Wako watu wema wanaozihukumu sura hizi mbili kana kwamba ni moja. Sisi twasema hivi: ya kwanza ni uovu usio na udhuru. Ya pili yafaa, ila kwa sharti moja, kwamba kitolewacho kiwe shukrani kwa jamii nzima, wala kisiwe bei ya bunduki.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mji wetu umezoea kuwapokea wapatanishi. Hapa Arusha ulitiwa saini mkataba wa Rwanda tarehe 4 Agosti 1993, na ule wa Burundi tarehe 28 Agosti 2000. Hapa pia ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa mwaka 2015. Kwa sababu hiyo wengi wetu tuliyahesabu mambo ya silaha kuwa matatizo ya wageni wanaokuja kwetu kutafuta suluhu.

Tarehe 5 Mei 2013 ilituzindua. Bomu lilirushwa katika ibada ya uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti. Watu 3 walipoteza maisha na makumi walijeruhiwa. Tarehe 15 Juni mwaka huohuo bomu jingine lilirushwa kwenye mkutano wa kisiasa katika uwanja wa Soweto, nako watu wakafa. Vyombo vya namna hii haviuzwi dukani. Hupita mkono kwa mkono, na kila mkono hujiambia kwamba wenyewe umefanya biashara tu.

Nchi yetu imezungukwa na njia nyingi za silaha. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliacha bunduki mikononi mwa watu ambao hawakuwa askari, na wizi wa ng'ombe kule Tarime ukabadilika sura: palipokuwa na upinde na mshale pakaja risasi. Baadaye zikaja vurugu za Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia. Bunduki haiozi kama mahindi. Ikitunzwa vizuri huua hata baada ya miaka 40, ikiwa imeshasahauliwa ilikuwa ya vita gani.

Biashara ya siri

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana bunduki ya kuwindia yenye leseni. Anaaga dunia. Mwanawe hana kazi, na jirani mwenye pikipiki ya ziada anamwambia, "Nipe chuma hicho kinachokaa bure, uchukue pikipiki ukatafute riziki." Kijana anaona amepata baraka. Kwa kweli amefanya kosa la jinai, kwa kuwa leseni ni ya mtu aliyepewa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha ihame mikono bila kibali. Bunduki ya marehemu si kama shamba au ng'ombe wa kugawanywa katika kikao cha ukoo. Mahali pake ni polisi, na wanaopaswa kuipeleka ni warithi.

Kosa la sheria, hata hivyo, ni sehemu ndogo tu ya ubaya wenyewe. Pikipiki ile itaonekana kila siku barabarani: ina namba, ina mwenyewe. Bunduki haitaonekana tena mpaka siku itakapotumika. Huenda ikakodishwa kwa majambazi, au ikaingia porini kwa majangili. Kijana wetu atakuwa anabeba abiria kwa amani huku mahali pengine mama akimlilia mumewe, na hakuna atakayeweza kuuunganisha uzi huo.

Wako watakaosema kwamba huko Marekani mambo haya ni ya kawaida. Ni kweli kwamba katika majimbo mengi ya nchi ile raia anaweza kumpa mkazi mwenzake wa jimbo lake bunduki, akapokea pikipiki au gari, bila mpokeaji kuchunguzwa kwanza, kwa maana sheria ya taifa lao haimdai uchunguzi huo mtu asiye mfanyabiashara wa silaha. Lakini jambo kuwa halali kwa jirani halilifanyi kuwa la busara kwako. Sisi tulichagua njia nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozitaka nchi za eneo letu kuzuia silaha ndogo na nyepesi.

Mipango ya wazi: yaliyofaulu na yaliyoshindwa

Mfano ulio bora kwa majirani zetu ni wa Msumbiji. Vita vya nchi ile vilikoma kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, lakini silaha nyingi zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kugeuza silaha kuwa majembe. Msingi wake ni maneno ya Nabii Isaya, sura ya 2, kuhusu mataifa yatakayofua panga zao ziwe zana za kulimia. Aliyeleta silaha alipewa baiskeli, cherehani, jembe, mabati au saruji. Kijiji kimoja kilichokusanya silaha 500 kilipewa trekta. Silaha zenyewe zilikatwakatwa, na wasanii wakazitengenezea sanamu. Mmojawapo, ajulikanaye kwa jina la Kester, alitengeneza kiti cha enzi mwaka 2001, ambacho sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Katika kiti hicho hamna hata bunduki moja iliyotengenezwa Afrika. Waliokufa walikuwa wetu. Chuma kilikuwa cha wengine.

Mashariki ya Kongo nako, katika Katanga, mchungaji wa Kimethodisti, Daniel Ngoy Mulunda, aliendesha mpango wa kutoa baiskeli kwa bunduki. Mkulima wa kule alikuwa na sababu ya kuifurahia baiskeli: ilibeba mahindi hadi sokoni, jambo ambalo bunduki haiwezi kulifanya.

Karamoja, Uganda, inatufundisha upande wa pili. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na bunduki zikaenea kwa wafugaji. Desemba 2001 serikali ilianza kuwaomba wazisalimishe, ikiahidi majembe ya kukokotwa na ng'ombe pamoja na mabati. Wengi waliitikia. Lakini mwaka 2002 majeshi yaliondolewa kwenda kupigana kaskazini, na waliosalimisha wakabaki wazi mbele ya wale ambao hawakusalimisha. Ng'ombe wao walichukuliwa. Waliobaki wakajifunza somo baya, kwamba mwaminifu ndiye anayeibiwa, na silaha zikanunuliwa upya. Jembe bila ulinzi ni mtego.

Kisha tuitazame Australia. Baada ya watu 35 kuuawa kwa risasi huko Port Arthur tarehe 28 Aprili 1996, serikali ilinunua na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. Wakati huohuo ilibana sheria ya kuzipata nyingine. Walichota maji wakiwa wameziba tundu la mtumbwi. Anayenunua silaha huku mlango wa kuziingiza uko wazi hufanya kazi moja tu: humwongezea mfanyabiashara wa silaha mteja.

Shukrani, si bei

Huku kaskazini twalijua jani la isale. Aliyekosa akilishika na kumwendea aliyemkosea, msamaha huwa mgumu kunyimwa. Jani lile halina thamani sokoni, na nguvu yake yatokana na hilo, kwa kuwa halinunui msamaha bali hutangaza kwamba moyo umegeuka. Kitolewacho kwa aliyesalimisha silaha chapaswa kuwa na tabia hiyo.

Fikirini nini kitatokea tukitangaza kwamba kila bunduki ni pikipiki moja. Fundi wa magobore atatengeneza mawili. Mwenye bunduki mbovu ataileta, aibakize ile nzima. Na zaidi ya hayo, yuko kijana wa Tengeru au Ngaramtoni ambaye hajagusa silaha maishani. Anaendesha bodaboda ya tajiri, kila jioni anapeleka hesabu, na anasubiri mkataba uishe ili chombo kiwe chake. Tutamwambia nini siku atakapomwona jambazi wa jana akipewa pikipiki mpya bure? Tutakuwa tumemfundisha kwamba alichelewa kuwa mwovu.

Kwa hiyo shukrani iende kwa kijiji au mtaa: kisima, mashine ya kusaga, madawati, zahanati. Na pikipiki ziwafikie vijana kwa njia iliyonyooka. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kijana asilazimike kuwa na bunduki kwanza ndipo jamii itambue kwamba anahitaji kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la mtu anayesema, "Nikiitoa, nani atanilinda? Nani atanisikiliza?" Tusimdharau. Mara nyingi silaha hufichwa kwa sababu mtu hana imani na baraza, mahakama wala kituo cha polisi. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Walikuwa na kila sababu ya hasira. Lakini walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia iliwasikia, na hakuna mtoto wa Meru anayelionea aibu jina lile. Mwenye haki asiye na bunduki anaweza kusikilizwa, mradi awepo anayekubali kusimama naye. Hapo ndipo kazi ya Tume zetu ilipo.

Tufanye nini

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ifundishwe kwamba kubadilishana bunduki kwa pikipiki, gari au mifugo ni dhambi dhidi ya uhai na ni kosa la jinai.

Pili, serikali inapotangaza kipindi cha msamaha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023, parokia zitangaze katika kila misa. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha zisizo halali.

Tatu, viongozi wamsindikize mwenye hofu hadi penye mamlaka, lakini wasipokee wala kutunza silaha wenyewe. Nyumba ya padre si ghala. Na anayeokota bomu au risasi asiviguse, atoe taarifa.

Nne, tudai silaha zilizokusanywa ziteketezwe hadharani, ili zisirudi kwa mlango wa nyuma.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika ukoo wetu iko bunduki ya marehemu ambayo haijafikishwa polisi? Nani atachukua hatua?

2. Vijana wetu wa bodaboda wanalindwaje dhidi ya wanaotaka kuwakodi kwa kazi za usiku?

3. Ikiwa mtu wa mtaa wetu angesalimisha silaha kesho, sisi majirani tungemhakikishia usalama gani?