Mguu Usiouma

Jambo tunalolieleza leo lawahusu wafanyakazi wengi wenye ugonjwa wa kisukari ambao kazi yao ni ya kusimama kutwa.

Kisukari kikidumu miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Huanza kwa ganzi na kuchomachoma, kisha mguu hunyamaza kabisa. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku. Mtu wa namna hiyo akikanyaga msumari asubuhi, aweza kuuona jioni avuapo kiatu.

Hata hivyo kidonda huonekana. Lisilojulikana sana ni uharibifu wa viungo. Mguu usio na hisia ukiteguka kidogo, mwenyewe huendelea kuutembelea kwa kuwa haumzuii. Mifupa huvunjika, viungo huachana, na wayo huporomoka hata ukabinuka kama tumbo la mashua. Daktari Charcot wa Ufaransa aliueleza ubovu huo mwaka 1868 kwa wagonjwa wenye maradhi ya uti wa mgongo. Mwaka 1936 Daktari Jordan wa Marekani akauhusisha na kisukari.

Dalili zake ni hizi: mguu mmoja huvimba, huwa mwekundu, nao huwa na joto kuliko mwenzake, pengine bila jeraha wala maumivu makubwa. Hapo ndipo makosa hutendeka. Nyumbani huchuliwa kwa maji ya moto, nao haujui kwamba unaungua. Zahanati huambiwa ni jongo, au ni mteguko, na mgonjwa hurudishwa kazini na vidonge mfukoni. Hata picha ya eksirei, siku za mwanzo, yaweza isionyeshe kitu.

Tiba ni kuuondolea mguu uzito. Hufungwa plasta ngumu, nayo hubadilishwa mara kwa mara, hata joto la miguu miwili lilingane. Hiyo si kazi ya wiki mbili. Ni ya miezi.

Basi mfanyakazi atakula nini miezi hiyo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania yampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu. Nasi twajua kwamba anayelipwa nusu mshahara huikata plasta kwa kisu chake mwenyewe akarudi kwenye mashine. Hatumlaumu.

Twawataka waajiri wampe mtu huyo kazi ya kuketi tangu siku ya kwanza mguu unapovimba, bila kumpunguzia ujira. Na matawi ya vyama vya wafanyakazi, ambayo hudai sare na chai kwa sauti kubwa, yaliandike sharti hilo katika mikataba ya hali bora.