MKWAWA WA JUKWAANI NA MKWAWA WA IDODI

Muulizeni kijana yeyote wa hapa Idodi ni nani aliyemshinda Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti, 1891. Atajibu mara moja: Mkwawa! Kisha mwulizeni ni nani aliyemlisha Mkwawa huyo kwa karibu miaka 4, tangu boma la Kalenga lilipoangushwa tarehe 30 Oktoba, 1894, hadi alipojipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai, 1898. Hapo kijana atanyamaza, au atacheka akidhani anafanyiwa mzaha.

Kijana hana kosa. Habari za babu zake amezipata katika mchezo wa Mulokozi, "Mukwava wa Uhehe", uliochapwa mwaka 1979, na katika sinema ya Seko Shamte ya mwaka 2011, "Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa". Wote wawili tunawashukuru kwa dhati, kwa maana katika maandishi ya Wadachi mtu huyu alikuwa mhalifu wa kuwindwa tu. Lakini mchezo na sinema vina desturi yao. Hapana budi awepo mtu mmoja katikati, wengine wote wasimame pembeni wakishika mikuki. Shamba la mtama haliigizwi, wala mama anayebeba chungu usiku kupeleka ugali porini.

Na vita vya miaka ile 4 vilikuwa hasa vita vya chakula! Wadachi walichoma vijiji na akiba za nafaka, wakakamata wanawake, ili Mtemi akose wa kumpikia. Wakaahidi na zawadi ya rupia 5,000, wala hakuna aliyemtia mikononi mwao akiwa hai. Mlambalasi iko upande huu wetu, katika njia itokayo Iringa kuja Idodi na kuendelea hadi Ruaha. Basi watu waliomficha walikuwa watu wa vijiji kama hivi vyetu. Majina yao yako wapi?

Tena yapo mambo ambayo shujaa wa jukwaani huyabeba kwa taabu. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wadachi mwaka 1896, na Wadachi hao hao wakamnyonga mwaka 1897. Merere wa Usangu alikuwa upande wa Wadachi, naye alikuwa na sababu zake, kwa kuwa Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu katika nchi yao. Mtoto asiyejua hayo ataona kuwa mkoloni alituweza kwa bunduki peke yake. Hatajua jinsi alivyopenya katika magomvi yetu wenyewe, na hilo ndilo somo lenye faida kwetu mpaka leo.

Watawala walijua nguvu ya hadithi kabla yetu. Mwaka 1941 Wadachi walitengeneza sinema ya kumtukuza Carl Peters, mtu ambaye mwaka 1897 serikali yao wenyewe ilimfukuza kazi kwa ajili ya Waafrika aliowanyonga Kilimanjaro. Na kwa Kiswahili chetu, kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", cha mwaka 1934, kilisomwa shuleni miaka mingi. Baba yake Mbotela alikuwa mtumwa aliyeachiliwa, kwa hiyo uchungu ule ni wa kweli wala hatuudharau. Lakini msomaji akifunga kitabu, Mwingereza amebaki mkombozi, na hakuna mahali alipoambiwa kuwa mkombozi huyo ndiye aliyekuja akakaa.

Hata sherehe ya Kalenga ya tarehe 19 Juni, 1954, ilikuwa mchezo wa namna yake. Gavana Twining alikuwa amelichagua fuvu katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kupima vipimo vya vichwa, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi mbele ya umati. Wakati ule Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau. Nani ataamini kuwa Gavana alikuja kwa ajili ya huruma tu? Watu walilia kwa haki, na Gavana alipata rafiki aliowataka.

Hatusemi watunzi wafungwe midomo. Ebrahim Hussein alipotoa "Kinjeketile" mwaka 1969, alieleza waziwazi mwanzoni mwa kitabu kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuniwa, si yule wa Ngarambe wa vita vya Maji Maji. Huo ndio uungwana. Ubaya ni kwamba wanafunzi huruka kurasa za mwanzo, na wakati mwingine walimu huziruka pamoja nao.

Kwa hiyo tunataka hivi. Siku mchezo wa Mkwawa utakapochezwa shuleni, au sinema itakapoonyeshwa, asimamishwe kwanza mzee wa kijiji aseme yale aliyoyasikia kwa bibi yake: nani alificha nafaka, nani alichukuliwa, nani hakurudi. Maneno ya wazee nayo yapimwe, kwa kuwa mzee naye hupenda ukoo wake uonekane. Walimu wa Idodi na Pawaga wawatume watoto nyumba kwa nyumba wayaandike majina hayo. Daftari na kalamu vyatosha, na kazi inaweza kuanza likizo ijayo.