Katuni za Rusizi zianze na udongo

Ukitaja uhuishaji mbele ya vijana wa Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, wengi watafikiria kwanza kompyuta yenye nguvu, programu ya kulipia na nauli ya kwenda Kigali, ziliko shule za filamu kama Kwetu. Fikra hiyo inachelewesha vipaji bure. Aliye Rusizi anaweza kuanza na vikaragosi: udongo wa mfinyanzi, waya, vipande vya kitenge, maganda makavu ya mgomba, na simu moja iliyosimamishwa isitikisike. Kikaragosi hupigwa picha, husogezwa kidogo, hupigwa tena. Picha zikipitishwa mfululizo, sanamu inatembea. Wapo watakaoiona njia hii kuwa ya kujiliwaza kwa aliyekosa vifaa. Mimi nadai kwamba hata mwenye vifaa vyote angefaa aanzie hapo.

Sababu iko katika kazi yenyewe. Filamu ya namna hii kwa kawaida hutumia picha 12 kwa kila sekunde, hivyo dakika moja hudai picha 720. Anayelazimika kusogeza mkono wa sanamu mara zote hizo hujifunza mambo ambayo kompyuta ingemfanyia bila yeye kuyaelewa: kwamba kitu kizito huondoka polepole, kwamba mwili hujikunja kabla ya kuruka, na kwamba kutulia kwa nusu sekunde kunaweza kuchekesha kuliko purukushani. Hujifunza pia kuuheshimu mwanga. Mawingu ya Ziwa Kivu yakipita dirishani katikati ya kazi, filamu itamemeteka vibaya. Basi atafunika dirisha, atawasha taa isiyobadilika, na kuizuia simu isijirekebishie mwanga.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Uko Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Mwaka 1988 mtengenezaji filamu Jean-Michel Kibushi alianzisha Malembe Maa, studio ya kusafiri iliyowafuata watoto walipo. Mwaka 1991 alitoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, iliyotokana na ngano ya watu wa kabila la Watetela. Mwaka uliofuata alitumia michoro ya watoto kusimulia uporaji ulioikumba Kinshasa Septemba 1991. Vikaragosi vya filamu yake Prince Loseno vilikuja baadaye, mwaka 2004. Alianza na karatasi na masimulizi ya kwao, ufundi ukakua kazini. Hata Uingereza, Peter Lord na David Sproxton walianza wakiwa wanafunzi, juu ya meza ya jikoni, miaka mingi kabla ya studio yao ya Aardman kutoa Chicken Run mwaka 2000.

Watakaopinga watasema kazi hii ni ya konokono, na siku hizi akili unde hutoa video kwa dakika chache. Ni kweli, lakini anayeupokea mwendo uliotengenezwa na mashine bila kujua kasoro yake hawezi kuusahihisha, na mteja hatamlipa kwa kubonyeza kitufe ambacho yeye mwenyewe anaweza kukibonyeza. Pingamizi zito zaidi ni la soko. Kuwaahidi vijana ajira katika filamu ndefu ni kuwadanganya. Kinachowezekana ni kazi fupi: somo la usafi kwa shule za msingi, tangazo la duka, ngano ya kutazamwa kwenye simu. Hapo Rusizi ina nafasi nzuri, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na pia ni lugha ya masoko ya Bukavu. Kazi moja inaweza kupata watazamaji pande zote mbili za mpaka.

Kwa hiyo shule na vituo vya vijana wilayani visingoje chumba cha kompyuta. Vianze na meza, taa, simu na hadithi ya sekunde 30, yaani picha 360, kazi ambayo wanafunzi wanne wanaweza kugawana kwa Jumamosi chache. Kompyuta zikija, zitawakuta wanajua wanachotaka zifanye.